Wodi ina vigae na tivii ila bomba halina maji: hospitali mbili za Mbeya nilikomuuguza mdogo wangu

Nianze na nyota maana najua wengine hamfiki chini. Hospitali ya kwanza nyota 2 kati ya 5, ya pili nyota 4, na mimi mwenyewe kama ndugu wa mgonjwa najipa 2 na nusu, mtaona kwanini.

Mi nauza chakula Soweto ya hapa Mbeya, wali maharage, ndizi nyama, asubuhi chai na chapati kwa vijana wa bajaji, kwahiyo nikianza kuongelea kucha na ndoo za kunawia mnivumilie ndo kazi inayonilisha. Bwana afya akiingia bandani kwangu haulizi wali umeiva au haujaiva, anaangalia mikono, anaangalia kucha, anauliza karatasi ya kupima afya, anafunua ndoo. Nimeshawahi kufungiwa siku mbili kisa kitambaa cha kufutia meza. Sasa mtu aliyezoea kukaguliwa hivyo ukimkalisha wodini siku tatu hana la kufanya, macho yanaenda yenyewe kwenye mikono ya watu.

Majina ya hospitali siyataji wala msinifuate pembeni kuniuliza. Ya kwanza naiita Vigae, ni ya binafsi, mpya mpya, iko mjini. Ya pili naiita Mabati maana majengo ni ya kizamani na paa limepata kutu mpaka limekuwa rangi ya chai.

Ilikuwa mwezi wa sita, ile baridi yetu ya kukunja vidole. Mdogo wangu mimba yake ya kwanza, uchungu umeanza saa tano usiku, tumefika Vigae dokta kapima kasema mtoto katanguliza makalio na hashuki, operesheni. Hapo sina neno baya hata moja. Mapokezi hatukukaa hata dakika kumi, malipo kwa simu, dokta akatuelezea kwa utulivu kabisa kama anaongea na dada zake, saa nane mtoto kalia, kilo 3.2, wa kiume. Chumba cha vitanda vinne, vigae vinang'aa mpaka unajiona, tivii ukutani, bafu lina maji ya moto, chai ya asubuhi ina maziwa ya kweli sio rangi. Kama unatafuta pa kulala wikendi mbona pazuri tu.

Ila kwenye karatasi ya vitu vya kuja navyo kulikuwa na wembe. Pamba, glovu, mpira wa kutandika, kamba ya kitovu, wembe. Nikanunua duka la nje, nesi akamnyoa nao kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Mi nikaona kawaida tu maana hata mimi nilinyolewa hivyo hivyo miaka ile. Hii iwekeni kiporo nitarudi.

Asubuhi nataka kunawa nimshike mtoto. Sinki lipo, zuri, la chuma, bomba lile refu la kusukuma kwa kiwiko. Nasukuma, kimya. Nesi akasema maji huku juu yanakuja jioni. Pembeni ukutani kuna kile kichupa cha sanitaiza, nabonyeza kinatoa upepo, fyuu fyuu, nikabonyeza mara ya tatu kama mjinga. Maji ya moto bafuni yapo lakini kwenye sinki la wodi hamna, niambieni nyie mafundi bomba hiyo inakuwaje.

Basi saa tatu nesi kaanza mzunguko. Binti mdogo, mcheshi, kucha za kubandika za pinki ndefu hizi. Kavaa glovu mlangoni. Kitanda cha kwanza kampima yule mama presha. Cha pili kashika ile sehemu sindano ya dripu imeingilia mkononi, kaigandamiza, kaifuta. Cha tatu kamwaga mkojo kwenye mfuko. Alafu kaja kwetu na glovu zile zile, moja ina tone hapa kwenye kidole gumba nimeliona kwa macho yangu, kavuta kitambaa cha kidonda, kachungulia, kasema kizuri kinaendelea, karudishia kitambaa kile kile. Nikafungua mdomo nikaufunga. Kwasababu si unajua tena, ukimkera nesi asubuhi usiku nani atakuwekea dripu. Huo ukimya wangu ndo nusu nyota ya kwanza niliyojikata.

Nusu nyingine hizi hapa. Mdogo wangu alikuwa bado na mpira wa mkojo, mfuko wake umelazwa chini kwenye vigae. Mi nikaona aibu, nikauokota nikauweka kitandani juu ya blanketi karibu na kiuno chake uwe msafi. Nikajiona mjanja kweli. Kumbe ule mfuko hautakiwi kugusa sakafu lakini pia hautakiwi kupanda juu ya kibofu, unatakiwa uning'inie chini ya usawa wa mgonjwa, ukiupandisha mkojo uliokwisha kutoka unarudi ndani na chochote kilichoota humo. Na ule mpira kila siku unayokaa nao bila sababu ndo unajitafutia maambukizi ya njia ya mkojo, ulizeni dokta unatoka lini msisubiri wakumbuke wenyewe.

Alafu mchana wakaja kikoba. Watu kumi na moja jamani. Wametoka Mwanjelwa moja kwa moja, wengine wametoka kupanga nyanya, mmoja anakohoa toka mwezi wa nne, wamekuja na maziwa na ndizi na mkungu wa vigelegele, wamekaa kitandani wote wanaoenea, mtoto kazunguka mikono kumi na moja na kila mkono umemshika shavu. Nani alinawa? Bomba lenyewe halina maji. Na mimi ndo niliwaita. Mlinzi getini kawapitisha wote kwa elfu mbili, hiyo nayo andikeni kwenye upande wa huduma bora.

Siku ya tatu tukaruhusiwa na mfuko wa vidonge. Bili laki nane na ushee.

Siku ya sita nyumbani mdogo wangu akasema dada huku chini kunafukuta. Nikafunua. Niwaambie kitu, kwenye vitabu wanaandika kidonda kikiharibika kinakuwa chekundu, sasa sisi na ngozi zetu hizi wekundu utauona wapi, kilichokuwepo ni ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta, imekuwa nyeusi zaidi ya pembeni, ukiweka mgongo wa mkono juu yake moto, na upande mmoja uzi umeachia unatoa majimaji ya njano yenye harufu. Harufu hiyo mtu wa jikoni haimpiti. Nyama iliyolala bila friji.

Tukarudi Vigae. Hapa ndo nyota zilipoanguka. Dokta mwingine, hakuwa yule wa operesheni, kaangalia dakika moja kasema vidonda vya operesheni huwa vinavuja ni kawaida, kasafisha, kaandika antibayotiki kali zaidi, hakuchukua kipimo chochote, elfu arobaini na tano, nendeni. Siku mbili baadae homa, anatetemeka mpaka kitanda kinalia, maziwa yanakata. Shemeji akasema hapana, tunahama.

Mabati kufika kwake ni bajaji na vumbi. Nawaambia ubaya wake kabisa ili msije mkasema nimehongwa: tulisubiri masaa matatu kwenye benchi la mbao, choo kiko nje mwendo wa kutosha kwa mtu mwenye kidonda cha tumbo, blanketi ni lako mwenyewe, chakula chako mwenyewe, na usiku taa ya korido inawaka na kuzima kama disko. Hiyo ndo nyota moja niliyowanyima.

Nesi aliyetupokea mama mtu mzima, miwani imefungwa na uzi, kucha amezikata mpaka nyama. Kabla hajamgusa mdogo wangu kaenda kwenye ndoo ya koki. Sio sinki, ndoo, ile ile kama yangu ya bandani, juu ya stuli, beseni chini, kipande cha sabuni kimening'inizwa kwenye soksi nyepesi. Kanawa. Jamani kanawa mpaka mi nikatoa simu nikaweka saa maana nilidhani anajionyesha. Viganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, kidole gumba kakizungusha peke yake, ncha za vidole kazisugua kwenye kiganja kama mtu anakuna nazi, sekunde hamsini na kitu. Kajifuta na karatasi, na koki kaifunga kwa ile karatasi sio kwa mkono. Alafu ndo kavaa glovu, kafungua kidonda, kamaliza kavua glovu, na kanawa TENA. Nikamuuliza mama si ulikuwa umevaa glovu? Akasema, "Mwanangu, glovu zinatoboka bila kuonekana, na ukiivua vibaya uchafu wote unabaki kiganjani. Glovu sio mkono mpya."

Tulikaa pale siku tisa kwahiyo nikamsumbua sana na maswali, na yeye alipenda kuongea. Akanihesabia kwa vidole vya mkono wake, akasema ni mara tano: kabla hujamgusa mgonjwa, kabla hujafanya kazi inayotaka usafi kama kufungua kidonda au kuchoma sindano, ukishagusa damu au mkojo au usaha, ukishamgusa mgonjwa, na ya tano ndo inayosahaulika, ukishagusa vitu vyake hata kama yeye hujamgusa, kitanda, meza, simu yake, stendi ya dripu. Hizo tano zinatoka Shirika la Afya Duniani toka 2009 na wamezibandika ukutani na picha. Maji na sabuni sekunde 40 mpaka 60, ile ya spiriti sekunde 20 mpaka 30 mpaka ikauke yenyewe usiipunge punge hewani. Spiriti yao wanachanganya wenyewe hapo famasi, spiriti kali asilimia 80, gliserini kidogo isibabue mikono na haidrojeni peroksaidi tone tone, nayo ni kanuni ya hao hao WHO ili hospitali isiyo na hela isiwe na kisingizio. Kila nesi ana kichupa mfukoni. Kichupa cha mfukoni hakisubiri maji yaje jioni.

Ila mkono ukiwa na uchafu unaoonekana spiriti haitoshi, hapo ni maji na sabuni, na kuna wadudu wa kuharisha wenye maganda magumu ambao spiriti haiwaui kabisa mpaka uwasukume kwa maji.

Kitu cha pili walichofanya ambacho Vigae hawakufanya: siku ile ile walichukua usaha na kijiti cha pamba wakaupeleka maabara kuotesha. Majibu siku ya tatu. Karatasi nimeipiga picha ninayo, juu jina la mdudu, stafilokokasi, chini safu ya majina ya dawa na mbele ya kila moja herufi. S manake dawa inammudu, R manake mdudu kashaizoea. Ile dawa kali ya elfu arobaini na tano ilikuwa na R. Kwahiyo mdogo wangu alimeza siku mbili dawa ambayo kwa mdudu ni kama maji ya kande. Wakabadilisha kwenda moja yenye S, homa ikashuka kesho yake jioni, akaomba ndizi.

Sasa ntasema kitu cha haki. Siwezi kusema ni zile glovu za yule binti. Huyo mdudu hana kitambulisho, watu kibao wanatembea naye puani na kwenye ngozi na hawaumwi, anaweza kuwa katoka kwa mdogo wangu mwenyewe, kwenye mikono ya nesi, kwenye mikono kumi na moja ya kikoba, kwenye mikono yangu mimi. Anachohitaji ni mlango, na operesheni ni mlango. Na wembe ndo nikarudi kwenye kile kiporo: wembe unakwaruza ngozi vimikwaruzo vidogo usivyoviona na wadudu wanaingia humo, siku hizi ushauri ni usinyoe kabisa, na kama nywele zinazuia basi zipunguzwe kwa mashine, wembe hapana. Kuoga kwa sabuni kabla ya operesheni ndo kunakotakiwa. Sisi tulibeba wembe bafu la moto tukaliacha.

Na kuhusu ule mfuko wa vidonge vya kuondokea, mama nesi alitikisa kichwa tu. Antibayotiki ya kuzuia kidonda kisiharibike inatakiwa ichomwe KABLA ya kuchanwa, ndani ya dakika 120 kabla, na operesheni ikiisha haiendelezwi kwa ajili ya kuzuia. Kumpa mtu vidonge vya wiki nzima kufidia mikono ambayo haikunawa ni kumfundisha mdudu kozi.

Usiku silali hospitali, benchi gumu, na baridi, kwahiyo nikawa nasoma kwenye simu mpaka bando likaisha. Nikakuta habari ya daktari mmoja Ignaz Semmelweis wa Vienna, 1847. Hospitali yake ilikuwa na wodi mbili za wazazi, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Kwenye ya madaktari wanawake wanakufa kwa homa ya uzazi kuliko ya wakunga kwa mbali sana, mpaka wajawazito walikuwa wanalia wasipangiwe wodi ile. Nikacheka peke yangu gizani maana hata hapa kina mama sokoni wananong'onezana hivyo hivyo, usiende kule nenda kule. Basi rafiki yake daktari akakatwa bahati mbaya na kisu wakati wa kupasua maiti, akaumwa na kufa na dalili zile zile za wazazi. Semmelweis akajua, madaktari wanatoka kwenye maiti wanaingia leba na mikono hiyo hiyo. Akaweka beseni la maji yenye klorini mlangoni, kila mtu anawe. Vifo vikaporomoka. Na unajua wakubwa walimfanyaje? Walichukia. Daktari mzima unamwambia mikono yako michafu? Akaishia kufungiwa kwenye nyumba ya vichaa na kufa 1865, na kilichomuua ni kidonda kilichooza. Miaka karibu mia mbili imepita na mimi bado niliona aibu kumwambia binti wa kucha za pinki abadilishe glovu.

Takwimu nazo zipo za WHO wenyewe: kwenye nchi za kipato cha chini na kati, katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa 15 wanapata angalau ambukizo moja walilolikuta humo humo hospitali, kwa matajiri ni 7, na katika kila 10 wanaopata mmoja kwa wastani anakufa. Wanawake wa operesheni ya uzazi Afrika mpaka asilimia 20 kidonda kinapata maambukizi. Mpaka mmoja katika watano. Kwenye chumba chetu cha Vigae tulikuwa vitanda vinne, fanyeni hesabu mkae kimya. Na usijihesabie kupona ukishatoka geti, kidonda cha operesheni kinahesabiwa cha hospitali mpaka siku 30.

Madirisha. Hii ni ya watu wa huku juu. Baridi yetu inatufanya wodi nzima tufunge madirisha, na kuna mtu anakohoa kitanda cha pembeni, na TB inasafiri kwa hewa haihitaji mkono wa nesi. Mabati saa nne asubuhi jua likishapanda yule mama anapita anafungua madirisha yote, wagonjwa wanalalamika kwa Kinyakyusa na Kisafwa na lugha zote, yeye anajibu vaeni soksi. Vigae madirisha ni ya alumini na yamefungwa muda wote tivii isipigwe vumbi.

Vitu vingine vidogo nilivyovipenda Mabati: boksi la sindano likifika robo tatu linafungwa linaondolewa, sio lile la Vigae sindano zimechomoza juu kama kichwa cha nungu. Vifaa vya kidonda vinakuja vimefungwa kwenye kitambaa chenye kipande cha utepe, na utepe una michirizi myeusi, kama haina michirizi manake haijapita kwenye mashine ya mvuke. Nikaulizia joto, nyuzi 121 na mvuke wa kubanwa, yaani presha kuka ya kijeshi. Sakafu wanapiga deki na jiki wanayochanganya kila asubuhi upya maana ikilala inapoteza nguvu, ile ya asilimia 3.5 kikombe kimoja kwa maji vikombe sita, ni kwa sakafu na vyombo jamani SIO kwa kidonda wala mwili, nimeona watu mitandaoni wanashauriana upuuzi.

Wageni wawili wawili, mtoto haguswi na mgeni, hakuna kukaa kitandani. Mwenyekiti wa kikoba alikuja akakataliwa kukaa akanuna mpaka leo. Na mimi siku ya kwanza niligusa kile kigurudumu cha kufungulia dripu nikiona inatiririka taratibu, mama nesi akanipiga mkono kama mtoto aliyeshika sufuria ya mboga. Alafu akanipa kazi yangu, kuhakikisha ndoo haikauki. Siku tisa nimebeba maji mimi muuza wali, na nilikuwa na cheo.

Niwatetee Vigae kidogo. Usiku nesi alikuwa mmoja, wodi mbili, simu inalia, mama wa kitanda cha pili anatapika, huyo huyo. Ukimwambia anawe mara tano kwa kila mgonjwa na maji yako ghorofa ya chini umemwambia ashuke ngazi mara mia. Hilo sio la binti, ni la mwenye hospitali aliyenunua tivii kabla ya tanki. Ila kucha ni za binti. Kucha za kubandika na kazi ya kufungua vidonda haviendi pamoja, wadudu wanajificha chini yake hata ukinawa, na mimi ningezivaa bandani ningefungiwa siku hiyo hiyo.

Nilipoenda Vigae kuchukua faili niliandika maoni, ukurasa mzima, nikaenda kwenye sanduku la maoni. Kufuli limeshika kutu na karatasi zimejaa mpaka kwenye tundu, yangu haikuingia. Nikaenda kumpa matroni mkononi. Alisoma yote amesimama, hakunikaripia, akaniuliza, "Dada, kwanini hukusema siku ile ile?" Nikakosa jibu. Akaniomba namba.

Wiki iliyopita nimepita tena kumsindikiza jirani kliniki, nikachungulia ile wodi. Sinki bado kimya. Ila kila mguu wa kitanda umening'inizwa kichupa, nikabonyeza cha kwanza, kina kitu ndani. Nikakaa kwenye kiti dakika ishirini nikahesabu, nesi mwingine sio yule, kagusa wagonjwa mara sita, kabonyeza mara nne. Ndo maana nyota ni 2, ilikuwa 1 na nusu.

Mdogo wangu mzima, kovu limekaa upande kidogo anasema halimhusu, mtoto ana kilo sita na anavuta nywele. Jumla ya gharama ya kidonda, ukijumlisha na banda kufungwa, imezidi ya operesheni yenyewe.

Na juzi bwana afya kapita bandani kwangu saa saba watu wamejaa. Ndoo ina maji, koki nzima, beseni safi, nikajua nimepona. Kaangalia pale penye sabuni. Ilikuwa imeisha toka asubuhi na nilikuwa nimemwambia binti akanunue akasahau na mimi nikasahau. Kaandika. Sikubishana naye, nikamtuma binti dukani, nikaendelea kupakua.